Shangazi wa Mpakani Anajibu: Waifai Iliyonuna na Saa Tatu Zilizopotea

Barua za wiki hii zimejipanga kama malori ya kuelekea Mpemba, na dirishani niko peke yangu. Zile za ndoa nimemkabidhi mwenzangu wa ukurasa wa pili, ingawa nikisoma zilizobaki sioni tofauti kubwa. Mtu kamwacha Windows aliyeishi naye miaka tisa, kahamia kwa Linux kwa sababu haombi hela, na sasa analalamika kwamba huyu mpya naye ana tabia zake.

Kwa wasionifahamu: nina kibanda cha ufundi wa kompyuta hapa Tunduma, hatua chache kutoka geti la kwenda Nakonde. Kabla ya kushika bisibisi nilikuwa karani kwa wakala wa forodha, nikijaza fomu za mizigo ya watu wengine. Nikiteleza nikaita programu "shehena", mnivumilie.

*Shangazi, shikamoo. Nimeachana na Windows, nikajiwekea Ubuntu mwenyewe kwa kufuata video. Kila kitu kinafanya kazi isipokuwa waifai. Nimeambiwa nipakue draiva kutoka mtandaoni. Nitapakuaje draiva ya waifai wakati waifai yenyewe sina? Siku ya tatu leo nalala na hasira. – Mwenye Kiu, Sogea*

Marahaba, mwanangu. Kesi yako ni ya yule bwana aliyeambiwa kibali cha kuvukia kinatolewa upande wa pili. Tulia.

Chipu ya waifai haijui kitu mpaka ipewe programu ndogo ya kuiendesha. Watengenezaji wengi siku hizi huwapa watu wa Linux programu hiyo, au maelezo ya kuiandika, ndiyo maana kibodi, spika na skrini yako vilikubali bila wewe kuulizwa. Wachache wamebana siri zao. Draiva yao unaitumia bure, lakini msimbo wake haufunguliwi, kwa hiyo Ubuntu haiiweki mpaka wewe useme ndiyo. Na uliulizwa! Wakati wa kusakinisha kulikuwa na kiboksi kidogo cha kutia tiki, kinachouliza kama unataka programu za watu wengine kwa ajili ya picha na waifai. Ulikipita kama watu wanavyolipita bango la kunawa mikono.

Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja, kidirisha cheusi kitafunguka. Andika lspci, piga Enter, utafute mstari wenye neno Network. Jina la kampuni iliyotengeneza chipu liko hapo. Mimi silitaji, wakili ni ghali.

Sasa chukua simu yako. Palepale unapowashia hotspoti kuna chaguo la kugawa intaneti kwa waya wa USB. Ubuntu itaipokea simu kama kadi ya mtandao, bila kudai draiva yoyote. Ikikaa kimya, usiilaumu Linux bado, angalia waya. Waya nyingi zinazotembezwa stendi ni za kuchajia tu: ndani zina nyuzi mbili za umeme, na zile mbili za kupitisha data hazimo. Kuna kijana alinifikia na laptopu "mbovu" tangu Chapwa, nikamwambia arudi nyumbani aje na waya uliokuja na simu. Shida iliishia mlangoni. Jambo la pili ni letu sisi wa mpakani: hakikisha simu haijadaka mnara wa Zambia. Ukiwa karibu na geti inadaka bila kukuuliza, na draiva ya megabaiti chache inakula salio la wiki. Zima roming kwanza.

Ukishapata mtandao, fungua programu iitwayo Additional Drivers, isubiri ipekue, chagua draiva ya waifai, tia paswadi. Wengi wakifika hapa hushangilia, wakazima na kuwasha, na waifai bado imenuna. Hapa naomba nieleze polepole, maana ndiko wanakokwama wengi wanaonifikia. Laptopu za siku hizi zina mlinzi aitwaye Secure Boot, ambaye hakiruhusu kuingia kwenye kiini cha mfumo kitu kisicho na sahihi anayoitambua. Draiva yako imetengenezwa hapohapo kwenye mashine, na sahihi yake mlinzi haijui. Kwa hiyo wakati wa kuiweka unaambiwa utunge paswadi ya mara moja, kisha ukiwasha upya kinatokea kioo cha bluu kinachosubiri sekunde kumi tu. Watu hukiona, hudhani wameharibu kompyuta, huacha kipite. Usikiache. Bonyeza kitufe chochote kabla sekunde hazijaisha, chagua Enroll MOK, kubali, andika ile paswadi. Hapo umemtambulisha mgeni kwa mlinzi. Ukikikosa, andika sudo update-secureboot-policy --enroll-key, uwashe upya, kitarudi.

*Shangazi, mimi ni wakala hapa kastamu. Laptopu yangu ina Windows na Linux pamoja, maana kuna programu moja ya ofisi inayokataa kuhama. Nikitoka Linux nikaingia Windows, saa inarudi nyuma saa tatu. Nikiirekebisha, nikirudi Linux inakimbia mbele saa tatu. Juzi nimemkosa mteja Nakonde kwa ajili hiyo. Je, laptopu ina jini? – Nimechanganyikiwa, Majengo*

Haina jini. Ina wake wawili wanaotumia saa moja ya ukutani.

Kwenye ubao mkuu wa laptopu kuna saa ndogo inayotembea hata mashine ikiwa imezimwa. Tuseme Tunduma ni saa nne asubuhi. Linux huandika kwenye saa ile wakati wa kimataifa, yaani saa moja asubuhi, kisha inapokuonyesha huongeza saa tatu za kwetu. Inakuja Windows, inasoma saa moja, inaamini ndiyo saa ya hapa. Unaikasirikia, unaisahihisha, nayo inaandika saa nne ukutani. Linux ikirudi inaongeza tatu zake kama kawaida: saa saba mchana. Hakuna aliyesema uongo. Hawakukubaliana tu ukutani paandikwe nini. Na ukiinua macho kutazama Nakonde, kwao muda huohuo ni saa tatu asubuhi, kwa kuwa Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na mteja wako wa kule asiyejua Kiswahili anaiita tisa. Mji huu ulikuwa na saa za kutosha kabla ya kompyuta kuja na zake.

Ukiwa Linux, andika timedatectl set-local-rtc 1. Itakunung'unikia kwamba huo si utaratibu mzuri. Ni kweli si mzuri, lakini nyumba itatulia.

Ila sikiliza: kama saa hairudi nyuma saa tatu bali inarudi nyuma *miaka*, hadithi ni nyingine kabisa. Hiyo ni betri ya duara kama sarafu iliyo kwenye ubao, CR2032, ndugu wa zile za rimoti za magari. Ikifa, kila ukichomoa umeme kompyuta inasahau imeishi lini. Basi kila tovuti utakayofungua itaonekana si salama, kwa sababu vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika, na ukitaka kusasisha programu utaambiwa orodha ya ghala bado haijafika siku yake. Nimeona watu wakifomati mara mbili kwa ajili ya betri ambayo bei yake ni ya soda chache.

*Shangazi, mume wangu anakesha hadi saa saba usiku akiandika maneno meupe kwenye kidirisha cheusi. Hakuna picha, hakuna muziki. Anasema anaongea na seva. Seva ni nani? – Mke, Mlowo*

Ni kompyuta iliyo mbali, mama. Haina sura wala nywele. Kama angekuwa anacheka peke yake ndipo ungeniandikia tena.

*Shangazi, shikamoo. Nina stesheneri Vwawa. Nilihamia Linux Mint kwa sababu ya flashi za wateja zenye vairasi wa shotikati, na hapo nimepona kabisa. Tatizo ni programu. Natafuta mtandaoni, napakua, nabofya, inagoma. Mwishoni nikakuta ukurasa unaosema ninakili mstari mmoja niubandike kwenye kidirisha cheusi. Nilibandika. Tangu siku hiyo feni inavuma usiku kucha kama lori linalopanda mlima. – Binti wa Fotokopi*

Marahaba, binti yangu. Nianze na hongera, maana wengine hawajui ulichokigundua. Vairasi wa shotikati hafuti kazi ya mteja. Anaificha, kisha anaweka mahali pake vijifaili vya kughushi vyenye sura ya folda. Windows inaheshimu alama ya kufichwa. Linux inaipuuza, kwa hiyo ukichomeka flashi unaona vyote viwili, cha kweli na cha kughushi, vimekaa bega kwa bega. Unanakili cha kweli, unafuta cha uongo. Mteja anaona muujiza, nawe usimweleze haraka, mwache alipe kwanza. Ila mwambie kwamba akiirudisha flashi kwenye kompyuta ileile iliyougua, ataugua tena.

Sasa kosa lako. Wewe umezaliwa Songwe, unazijua njia za panya. Sukari inapita, vitenge vinapita, hakuna karatasi, hakuna risiti, na ukiuziwa sukari yenye mchanga humjui wa kumdai. Tabia ya kutafuta programu mtandaoni, kupakua na kubofya ndiyo njia ya panya, na sote tumelelewa nayo na Windows za kukraki. Linux ina geti. Debian, mradi ulioanza 1993 na ambao Ubuntu na Mint yako wamechipuka kwake, toleo lake la 12 la mwaka 2023 lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000 kwenye ghala moja. Kila kifurushi kina mtu anayekiangalia, na orodha ya ghala imepigwa sahihi ambayo kompyuta yako huikagua kabla ya kushusha mzigo. Ukitaka programu ya kuchora kadi za harusi, unaandika sudo apt install inkscape, basi. Mzigo unakuja na vyote unavyovitegemea. Zile ulizopakua ziligoma ama kwa sababu hivyo vitegemezi vilibaki njiani, ama, na hapa nakuhisi, zilikuwa za Windows.

Na ule mstari ulianza na curl ukaishia na sudo bash, sivyo? Kwa lugha ya hapa mpakani uliandika hivi: lete kontena lolote kutoka kwa yeyote, usilifungue, usilipime, lipitishe sasa hivi, na ufunguo wa geti huu hapa. Leo usiku ukishafunga duka, fungua kidirisha cheusi uandike top. Ukiona jina usilolijua limekaa juu kabisa likila prosesa yote, kuna mtu anachimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako. Hapa Tunduma tunabadilisha kwacha mchana kutwa na kila mtu anabaki na chake. Huyu hakukuachia hata ngwee.

Usijaribu kuisafisha kompyuta. Aliyeingia na ufunguo wa geti hujui kajificha wapi. Nakili kazi zako kwenye flashi, uje, tuweke Mint upya.

Nisikudanganye kwamba getini hapapitiki magendo. Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kunachelewa kama nusu sekunde. Badala ya kupuuza, alichimba, akakuta mtu aliyejenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili ametia mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyo karibu kila mahali. Ilikuwa imeshafika kwenye matoleo ya majaribio ya Debian, bado hatua chache ifike kwa watu kama wewe. Ilikamatwa kwa sababu mzigo ulikuwa wazi na mtu aliweza kuufungua akautazama. Mwenyewe alikuwa mwajiriwa wa Microsoft, nami hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

*Shangazi, nilikuwa nasasisha Ubuntu, umeme ukakatika, na betri ya laptopu ilishakufa zamani. Sasa kila nikitaka kuweka programu inakataa na kuleta Kiingereza kingi. Jirani kasema nifomati. – Gizani, Ileje*

Hicho Kiingereza kingi umekisoma?

Nakuuliza kwa upendo. Mstari wa mwisho, naamini, unasema kazi ilikatizwa, na kwamba uandike sudo dpkg --configure -a. Andika hivyohivyo kama ulivyo. Kompyuta itaendelea pale ilipoishia, kisha maliza na sudo apt -f install. Umepona.

Hapa kwetu tumezoea kuwa na mtu wa kutusomea karatasi. Dereva ana wakala, wakala ana karani, karani ana kijana wa kukimbiza fomu, na mwenye mzigo yuko Dar es Salaam anapiga simu kuuliza imefikia wapi. Kazi hiyo imenilisha, siwezi kuitukana. Lakini imetufundisha kwamba maandishi yakitokea mbele yetu hayatuhusu, yanamhusu anayelipwa kuyasoma. Windows ilitudekeza hivyohivyo, ikituletea namba ya kosa na uso wa huzuni. Linux ina ukali wa karani mzee wa kastamu: atakufokea mbele ya watu, lakini ndani ya kufoka amekwambia karatasi gani imepungua na dirisha gani uende. Jirani yako alisikia kufoka tu.

Mfano mwingine wa haraka, maana wengi wameniandikia kuuhusu: ukiambiwa kufuli la dpkg limeshikwa, maana yake kuna lori lingine tayari kwenye mizani, mara nyingi kompyuta yenyewe inajisasisha. Mtandaoni utakuta mtu anakushauri ufute lile faili la kufuli. Usipande mizani lori jingine likiwa juu. Kanywe chai, urudi.

*Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha msingi cha kahawa wilayani Mbozi. Laptopu ya chama ina Windows 10. Fundi ameniambia imekwisha muda, tununue mpya. Wajumbe hawatakubali. Inawasha vizuri, ingawa nzito kama Kimondo, lile jiwe letu la kutoka angani. – Katibu*

Mzee wangu, shikamoo. Fundi hajakudanganya, kakuficha nusu tu. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Ya kwenu, kwa uzito huo, haitavuka. Lakini chuma hakijafa.

Tafuta flashi ya gigabaiti 8 au zaidi. Mafaili ya Linux Mint yanakaribia gigabaiti 3, kwa hiyo usichome bando la chama. Njoo unakili kwangu, na kunakili huko ni halali, hakuna atakayekushtaki. Hata hivyo usiniamini bure. Kontena la transiti likitoka bandarini linafungwa sili yenye namba, na likifika hapa ofisa anailinganisha namba ile na karatasi. Faili la Mint nalo lina namba yake, ndefu sana, iliyotangazwa na wenyewe. Unaandika sha256sum na jina la faili, unalinganisha. Ikitofautiana hata herufi moja, sili imekatwa, rudisha mzigo.

Kisha washa laptopu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo. Hapo ndipo ninapowaomba wazee muwe wabishi. Jaribu waifai, jaribu spika, funga mfuniko ufungue uone kama inaamka, chomeka printa. Fungua daftari la kilo za kahawa kwa LibreOffice. Hesabu za kawaida zitafunguka. Kama kuna kijana aliwaandikia vitufe vya kujiendesha ndani ya Excel, hivyo vinaweza kugoma, na ni afadhali mjue sasa kuliko siku ya malipo ya wakulima. Mkiridhika, wekeni. Na kama wajumbe watatoa hela kidogo tu, msinunue laptopu, badilisheni hadidiski ya kuzunguka muweke SSD. Uzito mwingi wa Kimondo chenu uko hapo.

*Shangazi, nafundisha sekondari. Kwa nini hii mifumo huria isiongee Kiswahili? – Mwalimu, Momba*

Imeshaongea, mwalimu, na ilitangulia wengi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46 walikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, na mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kuandikia na kupigia hesabu kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, walihitaji maneno. Jaribu wewe kesho na wanafunzi wako kukubaliana *undo* iitweje, utaelewa kazi ilikuwa wapi. Mwaka huohuo wa 2004, Oktoba, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu ya kwanza, neno la Kinguni ambalo sisi tunaliita utu, na kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, walikuwa wanamtumia yeyote duniani CD bure kwa posta. Mimi nilipokea yangu kwenye sanduku la bosi wangu, naye akadhani ni muziki wa injili.

Kwa nini basi darasani kwako kuna Kiingereza? Kwa sababu tafsiri ni shamba. Programu hutoka mpya kila miezi, na asiyepalilia magugu yanarudi. Palizi ya LibreOffice iko wazi kwa yeyote mwenye Kiswahili na intaneti, hata wanafunzi wako wa kidato cha tatu. Sharti langu moja: msinitafsirie laptopu kuwa kipakatalishi. Nimejaribu kumwambia mteja "kipakatalishi chako kiko tayari", akaniuliza kama ni ugonjwa.

*Shangazi, nimesoma safu yako yote. Mimi nipigie Windows tu. Shilingi ngapi? – Sina Muda, Kaloleni*

Elfu kumi na tano, mwanangu. Uje na chaja.